Mgeni alisafiri siku nzima kuja kucheza gofu kwetu, siku ya tatu mchana akaondoka

Kuna jumanne moja siisahau. Ilikuwa msimu wa mvua, uwanja mzima wa mashimo 18, yaani njia 18 za kuchezea kila moja na kitundu chake, ulikuwa na wachezaji wawili tu, mume na mke, na mimi nimekaa ofisini nafunga hesabu za wiki. Nikainuka nikasimama dirishani nawaangalia wanavyoelekea shimo la kwanza na makedi wao, wale wabeba mifuko ya fimbo, nikaanza kuhesabu kichwani ni watu wangapi wako kazini asubuhi ile kwa ajili ya hawa wawili. Vijana wa nyasi, jikoni, vyumba, mapokezi, walinzi, fundi wa mashine, fundi wa pampu, madereva, nikafika 38. Na mashine tatu zilikuwa zinakata griini, yale maeneo ya nyasi fupi kabisa yenye kitundu cha kuingizia mpira, tangu saa kumi na moja alfajiri. Nikamfata mzee aliyekuwa mkuu wa uwanja, mtu aliyeishi na nyasi karibu miaka thelathini, nikamwambia shikamoo mzee, hivi leo hatuwezi kupumzika kukata hata siku moja, wageni si hawapo? Akanijibu taratibu, "Marahaba binti yangu. Nyasi hazijui kama kuna mgeni au hakuna."

Nlikuwa mhasibu pale miaka sita. Nliingia jengo la klabu halijaezekwa, nikatoka baada ya uwanja kubadilisha mikono. Mwezi uliopita kijana mmoja ninaemheshimu alinipigia, familia yao ina ardhi kubwa sehemu ya mbali sana, pazuri kweli kwa picha alizonitumia, anataka kuweka uwanja wa gofu ambao watu watasafiri kuufata. Akaniuliza, dada, hii kitu inalipa? Nikashindwa kumjibu kwenye simu, nikamwambia nipe mda niandike. Basi ndo naandika, na najua hayuko peke yake mwenye ndoto hii ndo maana naiweka hapa.

Inaweza kulipa. Hilo nianze nalo kabisa maana wengi wakishasikia habari ya uwanja uliofilisika wanasema gofu ya porini ni ndoto za matajiri. Sio kweli, ipo mifano inayofanya vizuri miaka na miaka. Ila wengi tunaiga kitu kisichokuwa chenyewe. Tunaona wenzetu walifanikiwa mbali na watu, tunaiga umbali, wakati umbali ndo ilikuwa shida yao, na walichofanya kuitatua hiyo shida ndo tunakiruka.

Bosi wetu alikuwa na jina moja mdomoni kila kikao, Bandon Dunes. Mkimwambia barabara mbaya, anasema Bandon iko mbali. Mkimwambia wageni wachache, Bandon iko mbali na imejaa. Mtu mwema sana, aliipenda ile ardhi na aliwapenda watu wake, sitaki mtu afikirie namsema vibaya. Lakini siku moja nliamua nikae nisome hiyo Bandon yenyewe ilifanyaje, kama mhasibu, nione hela ilitoka wapi na ikaingia wapi.

Bandon iko pwani ya Oregon kule Marekani, mji mdogo uliokuwa unaishi kwa mbao na uvuvi, mbali na jiji lolote kubwa. Mike Keiser, aliyekuwa amepata hela yake kwenye biashara ya kadi za salamu, alifungua uwanja wa kwanza 1999, akampa kazi ya kuuchora kijana wa Uskoti, David McLay Kidd, ambae wakati huo hakuwa na jina. Uwanja wa pili, Pacific Dunes, ukafunguliwa 2001. Hebu ngoja hapo kidogo. Miaka miwili tu. Alafu Bandon Trails 2005, Old Macdonald 2010, uwanja mdogo wa mashimo mafupi 13 mwaka 2012, Sheep Ranch 2020. Vigari vya gofu ni kwa wenye ulemavu tu, wengine wote wanatembea, wengi wakiwa na makedi. Ardhi ni mchanga mtupu wa pwani. Na mwenye mali aliingiza hela yake mwenyewe, hakuwa anasubiri jumamosi ijae ndo alipe benki jumatatu.

Sisi tulikuwa na umbali na makedi. Hivyo vingine hatukuwa navyo hata kimoja.

Nianze na ardhi maana ndo iliyotumaliza kabla hata hatujafungua. Kwetu chini ilikuwa udongo wa mfinyanzi. Ukinyesha, maji yanasimama juu kama kwenye bakuli. Kwaiyo griini zote ilibidi zijengwe kwa ule utaratibu wa chama cha gofu cha Marekani, USGA, ambao unataka mchanga maalum sentimita 30 juu ya tabaka la kokoto kama sentimita 10, na mabomba ya kutolea maji chini yake. Kwenye karatasi ni sentensi moja. Sasa piga hesabu na mimi. Griini zetu wastani ni mita za mraba 500, kila moja ikala mita za ujazo 150 za mchanga, na tulikuwa na griini 19 ukiweka ile ya mazoezi, hiyo ni mita za ujazo 2,850. Lori linabeba 10. Safari 285 za mchanga tu, ongeza 95 za kokoto, safari 380, na kilomita 60 za mwisho ni barabara ambayo lori likipita mara nne linataka matairi. Nlikuwa nasaini vocha za mafuta mpaka mkono unauma. Na huo ni mchanga wa griini, hatujagusa bunka, yale madimbwi ya mchanga, wala hatujapandisha feawei hata moja, ile njia ndefu ya nyasi inayoelekea griini.

Linganisha na uwanja wa Sand Hills kule Nebraska, Marekani, karibu na mji wa Mullen, ambako nako ni mbali kweli kweli. Ilifunguliwa 1995. Wachoraji wake, Bill Coore na Ben Crenshaw, walizunguka kwenye vile vilima vya mchanga wakaona mashimo zaidi ya 130 ambayo ardhi yenyewe ilikuwa imeshayachonga, kazi yao ikawa kuchagua 18. Uwanja wote ulijengwa kwa chini ya dola milioni 2, kwa kiwango cha viwanja vikubwa vya Marekani hiyo ni hela ndogo mno, na mpaka leo ukitaja viwanja bora duniani lazima utautaja. Hawakuhamisha milima. Mchanga wa griini ulikuwa palepale chini ya miguu yao, maji yanapita yenyewe.

Kwaiyo mtu akija kwangu na picha za mandhari siku hizi namuuliza kwanza, ukichimba shimo la mita moja unakuta nini? Mandhari inamleta mgeni mara ya kwanza. Udongo unakula hela kila siku, iwe amekuja au hajaja.

Kitu cha pili ni mkopo, na hapa naongea kwa uchungu kidogo. Benki ilitupa miezi 18 ya kupumua kabla ya marejesho kuanza. Mpango ulisema ujenzi miezi 14, nyasi zishike, tufungue, wageni waanze kulipa. Mwezi wa kumi na mbili tumepanda mbegu kwenye feawei sita, mvua kubwa ikaja usiku wa pili. Asubuhi nlienda na mzee kuangalia. Ule udongo laini uliosawazishwa wiki nzima ulikuwa umekatwa mifereji kama mtu amepitisha vidole kwenye unga, na mbegu zote zimekusanyika chini bondeni kwenye tope, unaziokota kwa mkono. Mzee aliinama akachota kiganja kimoja akaziangalia muda mrefu, hakusema kitu, akazirudisha chini. Tulipanda upya mara mbili. Miezi 14 ikawa 26. Marejesho ya mkopo yalianza miezi nane kabla mgeni wa kwanza hajapiga mpira, na tulilipa kwa kukopa tena sehemu nyingine, na hapo ndo mwanzo wa mwisho ingawa ilichukua miaka minne kuonekana.

Nyasi hazifati ratiba ya benki. Kama unakopa, mda wa kupumua uwe angalau mara mbili ya unaoambiwa na mkandarasi, na kama hawakupi huo mda punguza uwanja, usiongeze matumaini. Wenzetu wa Cabot kule Nova Scotia, Kanada, mji wa zamani wa makaa ya mawe unaitwa Inverness, walianza kupokea watu 2011 na mashimo 10, wakamalizia mengine mwaka uliofuata. Mashimo kumi! Sisi tungeweza kufungua tisa mwaka mzima kabla. Nlilisema hilo kikaoni, nikaambiwa mgeni hawezi kusafiri mbali hivo kwa mashimo tisa. Labda ni kweli. Lakini hata kwa 18 tuliyoyasubiri bado hawakutosha.

Na hapo ndo nafika kwenye jambo lililonichukua miaka mitatu kulielewa, wakati lilikuwa kwenye vitabu vyangu siku zote.

Tulikuwa na vyumba 16, vitanda 32. Kutoka uwanja wa ndege kuja kwetu ni saa nne na nusu kwa gari. Mgeni anatua asubuhi, anafika kwetu saa tisa alasiri amechoka, anaoga, anakula, analala. Kesho yake anacheza raundi, yaani mashimo yote 18, raundi ya kutembea inachukua saa nne na kitu, jioni anakaa na wenzake anafurahi kweli. Keshokutwa asubuhi baadhi wanarudia, wengi hawarudii, mchana wako barabarani. Usiku mbili. Tulikuwa tunafurahia ule uwanja kusifiwa, kila mtu anaondoka anasema mzuri, anaandika maneno mazuri kwenye kitabu cha wageni, na mimi nakaa na hesabu najiuliza kama wanaupenda hivi mbona hatupati faida?

Siku moja nimekaa kwenye ukumbi wa chakula usiku, meza ya jirani kundi la watu wanane, wamekunywa wamechangamka. Mmoja akamuuliza mhudumu, "Kesho tunacheza wapi?" Yule dada akajibu kwa heshima zote, "Hapahapa, mheshimiwa." Yule bwana akatabasamu tu, akageukia wenzake, wakaanza kuongea habari za kuondoka mapema ili wawahi ndege. Nliacha sahani yangu hapohapo nikarudi ofisini.

Hesabu ilikuwa hivi. Tuseme vitanda vinajaa asilimia 60, ambayo kwa sehemu ya mbali ni nzuri tu, hiyo ni kama usiku 7,008 za kuuza kwa mwaka. Mgeni akikaa usiku mbili nahitaji wageni 3,504. Akikaa usiku tatu nahitaji 2,336. Tofauti ni watu 1,168, na kila mmoja wao ni mtu unaetakiwa kumshawishi apande ndege alafu gari saa nne na nusu, ulipe wakala asilimia yake, umtumie dereva, ubadilishe mashuka, umpokee umfundishe mazingira. Gharama ya kumleta ni ileile akae usiku mbili au tano. Kwaiyo usiku wa tatu ndo wenye faida, ule wa kwanza na wa pili unarudisha tu gharama ya kumleta. Na sisi usiku wa tatu hatukuwa na cha kuuuza. Uwanja mmoja, hata uwe mzuri vipi, mtu akishacheza mara mbili anakuwa ameuona.

Hapo ndo nikaelewa ile miaka miwili ya Bandon. Pacific Dunes haukuwa anasa, ulikuwa usiku wa tatu na wa nne. Barnbougle vilevile, kisiwa cha Tasmania kule Australia, kaskazini mashariki karibu na Bridport, shamba la viazi na ng'ombe, mwenye shamba hakuwa hata mtu wa gofu. Uwanja wa kwanza ulichorwa na Tom Doak na Mike Clayton, ukafunguliwa 2004. Ardhi alikuwa nayo tayari, ni matuta ya mchanga ambayo kwa kilimo hayana kazi kubwa. 2010 akaongeza wa pili, Lost Farm, na huo una mashimo 20 sio 18. Mtu anaevuka bahari kwenda Tasmania hawezi kwenda kwa raundi moja, ila kwa viwanja viwili vya kiwango kile anapanga siku nne na anabeba marafiki. Sand Valley kule Wisconsin nao ni hivohivo, wa kwanza 2017, wa pili 2018, hawakusubiri hata.

Najua mtu atasema sasa dada unatuambia tukope mara mbili? Hapana. Nasema kama hela yako yote inaishia kwenye uwanja mmoja wa mashimo 18 na jengo kubwa la klabu, umejenga nusu ya biashara na umelipa bei ya biashara nzima. Jengo letu la klabu lilikuwa na ukumbi wa watu 200. Sijawahi kuona watu 200 pale isipokuwa siku ya ufunguzi. Ile hela ya ukumbi ingejenga uwanja mdogo wa mashimo mafupi tisa na ikabaki. Mashimo mafupi yanahitaji ardhi ndogo, maji kidogo, vijana watatu, na mtu anacheza saa moja na nusu jioni akiwa na viatu vya kawaida. Huo ndo usiku wa tatu wa bei nafuu.

Kuna njia nyingine, ya Sand Hills. Wale ni klabu ya wanachama, watu wanaoishi mbali wanalipa ada ya mwaka waje wasije. Hiyo hela inafika hata siku ya barafu. Kwa mhasibu ni raha, lakini inataka uwe na jina kubwa tangu siku ya kwanza na wanachama wenye uwezo, sio kila mtu ataweza.

Na kuna njia ambayo wengi wanaifata na ndo iliyokuwa kwenye mpango wetu ukurasa wa tisa, kuuza viwanja vya nyumba pembeni ya uwanja. Viwanja 60. Ukiutoa huo ukurasa, mpango mzima haukuwa na faida hata ya senti, gofu ilikuwa tangazo la kuuzia ardhi. Tukauza saba. Mtu anapenda kulala pale siku tatu, ila kujenga nyumba saa nne na nusu kutoka hospitali ya maana ni uamuzi mwingine kabisa. Kule Marekani mtindo huu ulijenga viwanja vingi sana vya gofu kabla ya 2008, na kuanzia 2006 vinavyofungwa vikawa vingi kuliko vinavyofunguliwa kwa miaka mingi mfululizo. Kama mpango wako unasimama kwa mauzo ya nyumba, sema ni biashara ya nyumba na uipime hivo.

Gharama ya umbali yenyewe watu wanaidharau. Wanafikiria usafiri wa wageni tu. Ukiwa mbali unajenga kijiji. Nyumba za wafanyakazi, maji, umeme wa genereta, karakana, stoo ya vipuri, gari la wagonjwa. Mpishi mzuri anakaa miezi saba anaondoka, sio mshahara, ni upweke, watoto wake hawana shule. Tulikuwa tunafundisha watu upya kila mwaka.

Mfano mmoja niuweke. Mashine ya kukatia griini ilipasuka paipu ya haidroliki iko katikati ya shimo la saba. Kijana hakuona mpaka amefika mwisho wa griini, mafuta yale ya moto yalikuwa yamechora mstari ulionyooka toka mwanzo hadi mwisho. Baada ya siku mbili nyasi kwenye ule mstari zikafa, zikawa kahawia, kama mtu amechora kwa rula. Paipu yenyewe ni kitu kidogo cha urefu wa mkono. Ilichukua siku 11 kufika. Siku hizo 11 tulikata griini 19 kwa mashine mbili badala ya tatu, vijana wanaamka saa tisa usiku. Na ule mstari ulikaa wiki sita, kila mgeni anapiga picha. Fundi alilia mbele yangu, kweli alilia, akasema dada nliomba hizi paipu ziwekwe stoo tangu mwaka jana. Na mimi ndie nliyekata hilo ombi kwenye bajeti. Tangu siku hiyo stoo ya vipuri sikuigusa tena, nlipunguza vingine vyote ila sio hiyo.

Mwaka wa tano benki ikachukua. Sio kwa ubaya, walisubiri sana. Bosi alikuja kutuaga, akashika mkono wa kila mmoja mpaka wa mtunza bustani. Akanunua mtu mwingine kwa bei ambayo ilikuwa kama robo tu ya kilichojengwa pale. Nlibaki nae mwaka mmoja kumkabidhi vitabu.

Na mwaka huohuo tukapata faida. Nyasi zilezile, barabara ileile, vyumba vilevile. Kilichobadilika ni kwamba deni la kujenga halikuwepo tena. Nlikaa na hiyo karatasi ya faida nikiwa na huzuni, maana ilimaanisha uwanja wenyewe kuuendesha haukuwa mbovu, tulichoshindwa ni kuulipia. Baadae nliona sio sisi tu. Erin Hills kule Wisconsin, ingawa huo sio wa mbali kihivyo, ulifunguliwa 2006, aliyeujenga akaelemewa na gharama akauuza 2009, na 2017 ukaandaa US Open, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu, chini ya mwingine. Streamsong nao, Florida, kwenye ardhi iliyokuwa imechimbwa fosfeti, ulijengwa na kampuni ya madini ambayo ardhi ilikuwa yake tayari na biashara yake kubwa iko kwingine, ukauzwa 2023 kwa dola milioni 160. Na Royal Dornoch juu kabisa kaskazini mwa Uskoti, klabu ya tangu 1877, watu wanasafiri kutoka dunia nzima, ila gharama ya kuujenga ilishazikwa zamani hakuna anaeidai leo. Unaona inavyokuja. Wanaodumu ni wale ambao ardhi ilikuwa yao, au hela ilikuwa yao, au walinunua baada ya mwingine kubeba hasara.

Mimi sitaki huyu kijana awe yule anaebeba hasara ili mwingine ale faida. Ndo maana nimemwandikia kwa ukali kidogo, anisamehe.

Mwaka jana nlienda kutembea pale kama mgeni, nlilipa kama watu wengine. Mwenye mali mpya ameweka mashimo mafupi tisa kwenye ile ardhi ya viwanja vya nyumba ambavyo havikuuzika, amechora kwa kufata ardhi ilivyo, griini ndogondogo. Raundi ya pili siku hiyohiyo ni bei ya chini sana. Hapokei mtu wa usiku mmoja. Miezi miwili ya mvua kubwa anafunga kabisa vyumba, wafanyakazi wanaenda likizo zao kwa zamu, vijana wa nyasi tu wanabaki. Ule ukumbi wa watu 200 ameugawa vyumba vya wafanyakazi wenye familia, na kuna mwalimu.

Jioni nimekaa meza ileile karibu na dirisha. Watu wawili wanabishana kwa sauti, mmoja anataka kesho waanze na uwanja mkubwa kabla jua halijawa kali, mwingine anataka wacheze mdogo kwanza kwa sababu jana alifungwa na anataka kulipiza. Wakamwita yule dada mhudumu, ni yuleyule, awaamulie. Akacheka akawaambia mko hapa mpaka jumapili, mtacheza yote.

Yule kijana nlimwambia asichore kitu chochote kwanza, asiite mchoraji, asiende benki. Achimbe. Kila mita mia mbili shimo moja, aniambie anatoa nini. Kufikia juzi alikuwa amechimba mashimo kumi na moja. Saba yametoa mchanga mpaka chini. Manne, yote upande wa mashariki ambako ndo kuna mandhari nzuri anayoipenda, yametoa mfinyanzi.